Uchachu wa nepi

Mdogo wangu wa Mtaa wa Kongo, nimesoma ujumbe wako nikacheka kidogo, unisamehe. Mtoto wa miezi miwili, ziwa tu, choo cha njano, laini, uchachu unafika hadi sebuleni. Na mama mkwe keshanunua chupa ya dawa ya chango. Unauliza umsikilize nani.

Tuanze na huo uchachu. Unaujua mtindi wa kwenye vikombe pale sokoni? Na siki ya kachumbari? Asidi hizohizo mbili, ya mtindi na ya siki, ndizo zilizomo kwenye nepi ya mwanao. Zinatengenezwa na bakteria wema wa utumboni, kutokana na sukari ya maziwa yako.

Siyo ile sukari ya kawaida, laktosi, ambayo mtoto anaisaga na kupata nguvu. Maziwa yako yana sukari nyingine ndefundefu, aina zaidi ya 150, na mtoto hana vimeng'enya vya kuzikata. Zinapita tumboni zikiwa nzima hadi utumbo mpana. Jambo hili lilinishangaza mno nilipolisoma: mwili wako unahangaika kupika chakula ambacho mwanao hali! Lita moja ya maziwa inaweza kubeba gramu 5 hadi 15 za sukari hizi. Dang'a, yale mazito ya njano ambayo baadhi ya bibi zetu husema yamwagwe, ina nyingi zaidi.

Walaji ni wapangaji wa utumbo mpana. Ukitaka kuwaelewa, nenda soko la Mchikichini asubuhi ya kufungua belo la mitumba. Kuna mfanyabiashara anayefungulia barazani, kila mtu anachomoa lake. Ndivyo alivyo bakteria aitwaye Bifidobacterium bifidum: anazikata sukari nje ya mwili wake, majirani wanaokota vipande. Ndugu yake, infantis, anaingiza belo zima ndani, anafunga mlango, anachambua mwenyewe. Anachotoa nje ni ile asidi, na vijidudu vingi vya kuharisha haviwezi kustarehe penye asidi.

Huyu infantis ni wa kwetu hasa. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzao waliochunguza vinyesi vya watoto wa Wahadzabe, kule Ziwa Eyasi. Walimkuta kwa wingi, ilhali kwa watoto wa nchi za viwanda amekuwa adimu. Marekani sasa wanamuuza kwenye vipakiti. Wewe huenda unamfuga bure hapo Kariakoo.

Sasa chupa ya mama mkwe. Simlaumu, kalea kwa anavyojua. Lakini kijiko cha leo huita maji kesho na uji mwepesi keshokutwa. Katumbo kanajaa, mtoto ananyonya kidogo, na maziwa nayo yanapungua. Miezi 6 ya mwanzo ni ziwa tu, hata Dar ikiwaka jua la Februari. Antibiotiki nazo usimnunulie kwa kubahatisha duka la dawa, maana zinafagia wema na wabaya pamoja. Ila ukiona damu kwenye choo, au kimegeuka maji matupu, au ana homa, au anakataa ziwa, usiniandikie mimi. Kimbia kliniki.

Kuna swali hukuuliza, lakini nimelisikia. Siku 84 za likizo ya uzazi zinaisha, na dukani wanakusubiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Zungumza na bosi mapema, kabla pilika za sikukuu hazijaanza, na usizungumze kama anayeomba hisani.

Mama mkwe, ambaye naona ana miguu ya kuzunguka maduka ya dawa, mwombe akuletee mtoto dukani mchana, umnyonyeshe. Atafurahi kuwa na kazi. Muda uliobaki utakamua: mikono safi, chombo kilichochemshwa chenye kifuniko, kisha ndani ya deli lenye barafu, na nyumbani wampe kwa kikombe. Barafu isikutishe. Yule muuza juisi wa jirani anaigandisha kila siku. Mnunulie chai, muelewane.