Somo la historia: Mji wa moto usio na watu

Kitendawili! Tega. Nina mji hauna nyumba wala mtu, lakini adui kaupiga mabomu usiku kucha. Mmeshindwa? Haya, nipeni mji niwape jibu. Jibu ni "Starfish", miji ya uongo iliyowashwa moto mashambani hapa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ndugu msomaji, kaa vizuri, somo la leo si refu.

Chanzo chake

Vita ilipoanza mwaka 1939, Wizara ya Anga ilimpa kazi Kanali John Turner, mhandisi wa jeshi aliyekwisha kustaafu. Kazi yenyewe: kumdanganya rubani wa Kijerumani. Turner hakwenda kwa wanajeshi peke yao. Aliwatafuta mafundi wa studio ya filamu ya Sound City kule Shepperton, watu waliozoea kujenga kitu ambacho si kitu. Walianza na viwanja bandia vya ndege. Vya mchana viliwekewa ndege za mbao na turubai, na vya usiku vilikuwa safu za taa tu, katikati ya shamba tupu.

Halafu ukaja usiku wa tarehe 14 Novemba 1940. Ndege zaidi ya 400 zilishambulia mji wa Coventry, watu zaidi ya 500 wakafa. Ikaonekana wazi kwamba taa peke yake hazitoshi. Sasa ulitakiwa moto.

Ulivyofanya kazi

Hebu tujiweke kwenye kiti cha rubani. Ni usiku, uko juu sana, na huko chini miji yote imezima taa kwa amri. Utaujuaje mji wako? Ndege za kwanza, zenye marubani wazoefu na vyombo vya redio, zinatangulia kudondosha mabomu ya moto. Wewe unayefuata unatafuta ule moto, na ukiuona unamwaga mzigo wako.

Turner alishika hapo hapo. Zimamoto mjini wanakimbilia kuuzima moto wa kweli. Wakati huo huo amri inapigwa kwa simu hadi kwenye kibanda cha zege kilichofunikwa udongo, maili kadhaa nje ya mji. Askari waliomo wanabonyeza swichi ya umeme. Vikapu vya maranda na makaa vinashika moto. Matangi yanadondosha mafuta kwenye vyuma vyenye moto, kisha maji yanamwagwa juu yake kwa mpigo, mtindo ule ule wa choo cha kuvuta. Moto unaruka juu ghafla, na kutoka angani utadhani jengo limeporomoka.

Kila kitu kilitegemea saa. Ukiwasha mapema, adui anajua kuwa hakuna aliyetangulia kupiga pale. Ukichelewa, mji umekwisha. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Sawa, lakini uongo huu ulihitaji kuishi kwa saa moja mbili tu.

Kufikia 1943 vituo hivi vilikuwa zaidi ya 200. Mnaosoma Bristol, pandeni Black Down kwenye vilima vya Mendip. Kibanda cha kuwashia moto bado kipo.

Bomu lazima lianguke mahali

Hapa ndipo somo linapouma. Usiku wa tarehe 17 Aprili 1941 mabomu mengi yaliyokusudiwa Portsmouth yaliishia Hayling Island, palipokuwa na moto wa uongo. Portsmouth ilipona usiku ule. Lakini Hayling nako kulikuwa na watu wanaoishi. Hila haikulifuta bomu, ililihamisha tu.

Mwaka 1944 swali hili lilifika hadi serikalini. Majasusi waliokuwa wakiwatumikia Waingereza kwa siri walitakiwa kuwapelekea Wajerumani habari za uongo, ili makombora ya V-1 yazidi kuanguka kabla ya kufika katikati ya London. Yaani yaangukie vitongoji vya kusini. Waziri Herbert Morrison alipinga. Hoja iliyokuwa mezani ilikuwa hii: nani ana haki ya kuamua bomu limwangukie nani?

Mimi sisemi Turner alikosea. Shamba lenye nyumba tatu si sawa na mji wa maelfu ya watu, na hesabu hiyo ingemshinda yeyote kuikataa. Ninachosema ni kwamba wenye zile nyumba tatu nao wahesabiwe tunapowasifu werevu walioubuni mtego.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini moto uliwashwa baada ya ndege za kwanza kupita, si kabla?
2. Je, wakazi wa karibu na kituo walistahili kuambiwa, hata kama siri ingevuja?
3. Ungekuwa wewe Morrison, ungesemaje?

Njooni na majibu kwenye kikao chetu. Wasalaam.