Daftari la Majeruhi na Daftari la Usajili

Muuguzi wa Tandala anayehesabu majeruhi wa pikipiki walioletwa mwezi huu anajua ni wangapi walioumia. Hajui bado iwapo pikipiki ina hatari kuliko gari. Hesabu yake ina kiasi bila asili: ajali zimehesabiwa, vyombo vilivyo barabarani havijahesabiwa.

Ndege ndogo ambazo wamiliki huziunda wenyewe kwa vipande vya kununua zinalionyesha jambo hili vizuri. Mwaka 2012 Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilitoa uchunguzi wake juu yake. Zilikuwa karibu asilimia 10 ya ndege ndogo nchini humo, lakini mwaka 2011 zilihusika katika takriban asilimia 15 ya ajali na asilimia 21 ya ajali zenye vifo. Zaidi ya nusu ya zilizopata ajali zilikuwa mikononi mwa watu walionunua, si walioziunda.

Usajili nao hudanganya. Pikipiki iliyosajiliwa ikiwa Makambako yaweza kubeba abiria Tandala; iliyokwisha kuwa chuma chakavu yaweza kubaki kitabuni. Daftari la hospitali nalo humkosa aliyefia barabarani, na aliyejikanda nyumbani kwa maji ya moto.

Kwa hiyo mgonjwa aulizwe: alikuwa dereva au abiria, alivaa kofia ngumu, ilikuwa saa ngapi, na pikipiki ilikuwa ya nani. Majibu yaandikwe siku ileile, kabla hajaruhusiwa.