RANGI ZA NEBULA: JE, PICHA ZA ANGA ZA JUU NI UONGO?

Muhula uliopita chama chetu kiliandaa mdahalo na hoja ilikuwa hii: "Picha za rangi za anga za juu ni uongo wa kompyuta." Mimi nilikuwa upande wa kupinga. Watetezi wa hoja walitugaragaza kwa kura, tena bila huruma. Mmoja wao, ndugu yetu wa Kidato cha Pili mwenye ulimi wa asali, alisimama akauliza, "Kama nebula ina rangi ya dhahabu na samawati, mbona mimi nikitazama juu naona weusi mtupu?" Ukumbi ukalipuka kwa vicheko na makofi. Swali lile ni zuri, ila dakika tatu za mdahalo haziwezi kulijibu. Mhariri amenipa kurasa, basi nitalijibu kwa nafasi.

Kwanza tuelewane kuhusu nebula yenyewe. Ni wingu la gesi na vumbi lililo mbali sana, katikati ya nyota. Iliyo rahisi kuonekana kwetu ni ile ya Orioni. Mwezi wa Desemba, saa mbili usiku, simama uani uelekee mashariki. Utaona nyota tatu zilizopangana sawasawa kama vifungo vya shati. Kulia kwake, yaani upande wa kusini, kuna vinyota vingine vidogo vilivyo kama upanga. Kimoja kati ya hivyo kina ukungu ukungu, utadhani macho yako yana machozi. Huo ukungu ndio nebula ya Orioni, na nuru yake imesafiri miaka kama 1,300 ndipo ikafika hapa Kitale. Si mchezo!

Sasa mbona hatuoni rangi? Sababu ni jicho, wala si nebula. Chembe za jicho zinazotusaidia gizani hazitambui rangi. Ndiyo maana usiku usio na mbalamwezi blauzi nyekundu na sweta ya kijani huonekana sawa. Tena jicho haliweki akiba. Kila mara nuru iliyoingia hutumika na kwisha. Kamera haiko hivyo. Chukua mfano wa bati linalovuja: tone moja halijazi hata kijiko, lakini tega sufuria usiku kucha, asubuhi utapika chai. Kamera ikiachwa wazi dakika tano au kumi hutega matone ya nuru. Kwa hiyo picha inapoonyesha kitu ambacho jicho halikuona, haijakizua. Imekikusanya tu.

Hapo ndipo kemia inapoingia, na wanaoikimbia kemia wavumilie kidogo. Tupa chumvi ya jikoni kwenye moto wa makaa uone. Ulimi wa moto hugeuka manjano. Hiyo ni sodiamu iliyomo katika chumvi, na manjano yake ni yale yale ya taa za barabarani za zamani, kwa sababu nazo zina sodiamu ndani. Kila elementi ikipashwa moto au ikichokozwa na nuru kali hutoa rangi zake maalumu, kama vile kila mtu alivyo na alama zake za vidole.

Ndani ya nebula mchokozi ni nyota changa zenye joto kali. Mnururisho wao hung'oa elektroni kutoka kwenye atomu za hidrojeni. Elektroni ikirudi nyumbani hushuka kama mtu anayeshuka ngazi, kidato baada ya kidato. Ikishuka kutoka kidato cha tatu hadi cha pili (sisemi madarasa ya shule!) hutoa nuru nyekundu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3. Oksijeni iliyopoteza elektroni mbili hutoa nuru ya kijani inayokaribia samawati, nanomita 500.7. Salfa iliyopoteza elektroni moja hutoa nyekundu iliyokolea zaidi, nanomita 671.6 na 673.1.

Kuhusu ile kijani ya oksijeni kuna kisa. Mwaka wa 1864 Mwingereza aitwaye William Huggins aliielekeza darubini yake kwenye nebula moja, akapitisha nuru yake kwenye mche wa kioo. Aliona mistari ya kijani isiyolingana na elementi yoyote iliyojulikana. Wanasayansi wakaamini kuwa huko juu kuna elementi mpya, wakaiita nebulimu. Imani hiyo ikadumu zaidi ya miaka sitini. Mwaka wa 1927 Mmarekani Ira Bowen alionyesha kwamba ni oksijeni tu, hii hii tunayovuta. Inatoa rangi hiyo pale ambapo gesi ni nyepesi mno, hata atomu inakaa muda mrefu bila kugongwa na nyingine. Hapa duniani hewa imesongamana kama abiria wa matatu siku ya soko, ndiyo maana hatuioni rangi ile ikitoka kwenye hewa tunayovuta.

Haya, tuje kwenye vichujio. Kichujio cha kawaida cha rangi nyekundu hupitisha kipande kipana cha mnururisho, nanomita mia moja hivi. Kichujio chembamba hupitisha nanomita tatu, au saba, au kumi na mbili tu, mahali pale pale hidrojeni inapong'aa. Kingine ni cha oksijeni, cha tatu ni cha salfa. Vingine vyote vinabaki mlangoni. Ni kama askari wa lango la shule anayeruhusu wenye sare peke yao.

Faida yake kwa wakazi wa mjini ni kubwa. Kitale ina taa, Bungoma ina taa, na zile ndefu tunazoziita mulika mwizi zimeongezeka. Mimi sizilaani. Mama mboga anauza hadi saa tatu kwa sababu ya mulika mwizi, na dada zangu wanarudi nyumbani bila hofu. Ila anga imepauka. Taa za sodiamu humwaga nuru yao karibu na nanomita 589, kwa hiyo kichujio cha hidrojeni huzizuia kabisa. Taa nyeupe za LED ni jeuri zaidi kwa sababu hutoa rangi karibu zote pamoja, hivyo kidogo hupenya, lakini ni kidogo kweli. Hata mbalamwezi haimzuii mwenye kichujio cha hidrojeni kufanya kazi. Mwenye cha oksijeni ndiye atakayesumbuka, maana mwezi humwaga nuru nyingi ya upande wa kijani na samawati.

Sasa tuifikie picha iliyoleta ugomvi. Wengi mnaijua, ilikuwa imebandikwa ukutani siku ya mdahalo: minara mitatu ya vumbi la dhahabu ikisimama mbele ya samawati. Hiyo ni sehemu ya nebula ya Tai, yenye namba M16, umbali wa miaka ya nuru kama 6,500. Ilipigwa na darubini ya angani ya Hubble tarehe 1 Aprili 1995, na wataalamu Jeff Hester na Paul Scowen wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona. (Tarehe hiyo ni Siku ya Wajinga, na wapinzani wangu walishangilia sana walipoigundua.) Kamera yenyewe ilitoa picha nyeusi na nyeupe tu. Walipiga kupitia vichujio vitatu: salfa, hidrojeni na oksijeni. Kisha picha ya salfa wakaipa rangi nyekundu, ya hidrojeni kijani, ya oksijeni samawati.

"Aha!" atasema mpinzani. "Hidrojeni umesema ni nyekundu, mbona wameipaka kijani?" Ngoja basi. Hidrojeni na salfa zote mbili ni nyekundu. Ukiziacha hivyo, jicho haliwezi kuzitenganisha na picha nzima itakuwa wekundu mmoja. Wao walitaka kujua gesi gani iko wapi. Kwa hiyo walipanga kwa utaratibu: lenye wimbi refu kuliko yote likapewa nyekundu, la kati kijani, fupi samawati. Utaratibu haukubadilika, zimepanuliwa nafasi tu ili tuone.

Fungua atlasi yako ya jiografia. Mlima Elgon umepakwa kahawia, nchi tambarare zimepakwa kijani. Je, umewahi kusimama Endebess ukaona ardhi ya kahawia kama ya atlasi? Mbona hujasema mchora ramani ni mwongo? Kando ya ramani kuna ufunguo unaosema rangi hii ni kimo hiki. Kwa maoni yangu uongo huanza pale ufunguo unapofichwa.

Tena kuna nuru ambayo haina rangi hata kidogo kwa jicho la binadamu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. (Wanachama, tupige kifua hapo.) Eksirei haina nyekundu wala kijani. Anayetaka kuchora ramani yake kwa rangi ni lazima achague rangi mwenyewe. Je, kazi ya Uhuru nayo ilikuwa uongo?

Baada ya mdahalo niliamua kujaribu kwa mikono yangu. Sina darubini, na vichujio vitatu vizuri bei yake ni ya kumtoa mzazi machozi. Lakini picha ghafi za Hubble zimewekwa wazi kwa watu wote bila malipo. Mjomba wangu ana saiba mjini Bungoma. Likizo ilipoanza nikapanda matatu, Kitale, Kiminini, Webuye hadi Bungoma, nikamsihi. Akasema, "Mpwa wangu, mchana kompyuta ni za wateja. Baada ya saa kumi na mbili jioni kaa utakavyo, lakini ufagie." Nikakubali.

Nikapakua mafaili matatu ya M16, moja kwa kila kichujio, na programu mbili za bure, Siril na GIMP. Kufungua faili la kwanza, weusi mtupu! Mjomba akacheka. Kumbe nuru imo, ila imebanwa yote kwenye pembe ya giza, na kazi ya kwanza ni kuinyoosha. Unaiambia kompyuta iyavute maeneo hafifu yapande bila kuyachoma yale yanayong'aa. Nikaivuta taratibu. Minara ikaanza kujitokeza kama mtu anayetoka kwenye ukungu wa asubuhi. Nilisahau hata chai iliyokuwa mezani.

Kisha nikayaunganisha yote matatu. Matokeo ya kwanza yalikuwa kijani tupu kama shamba la mahindi mwezi wa Juni, kwa sababu hidrojeni ni nyingi mno kuliko wenzake. Nikainyoosha salfa na oksijeni zaidi, kijani nikakipunguza, na dhahabu ikatokea. Nyota nazo zikageuka zambarau. Si ajabu: ukizidisha nyekundu na samawati, kila kilicho cheupe huelekea zambarau. Pembe moja ya juu imekatwa kama ngazi za nyumba, maana kamera ya Hubble wakati ule ilikuwa na vipande vinne na kimoja kilitazama eneo dogo zaidi. Sikuijaza pembe hiyo. Nimeiacha nyeusi.

Hapo ndipo napoweka mpaka. Kunyoosha, kusawazisha na kutoa chenga ni halali. Mpiga picha huweka picha nyingi juu ya nyingine ili chenga zifutane. Picha mia moja hupunguza chenga mara kumi, siyo mara mia, na hiyo ndiyo hesabu inayomfanya mtu akeshe. Hupiga pia picha akiwa ameifunika darubini, ili aujue uchafu wa kamera yenyewe na kuutoa. Lakini siku hizi kuna programu za akili unde ambazo ukiziomba nebula zinakutungia, nyota na kila kitu. Hiyo siyo picha ya anga, ni mchoro. Wapinzani wangu wangesema hivyo siku ile ningewapigia makofi.

Mtu akitaka kupiga mwenyewe kutoka huku kwetu, ajue mambo mawili ya ikweta. Kitale iko digrii moja tu kaskazini. Nyota ya Kaskazini, ambayo wazungu hulengea vyombo vyao, kwetu imelala kwenye upeo wa macho nyuma ya miti na vumbi. Itabidi ulenge kwa kutazama nyota inavyoteleza na kurekebisha kidogo kidogo. Mhimili wa chombo nao hulala karibu sawa na ardhi, na vyombo vingi havikuundwa kulala hivyo. Uzani wake hugonga mguu wa stendi.

Lakini kuna malipo. Nebula ya Karina iliyo kusini sana, ambayo mtu wa London haioni maisha yake yote, kwetu hupanda digrii 29 hivi. Ile ya Amerika Kaskazini nayo hupanda digrii 47. Anga zote mbili ni zetu! Tatizo ni mvua. Nebula ya Tai hupita karibu na utosi katikati ya usiku mwezi wa Juni na Julai, wakati Trans Nzoia iko chini ya mawingu. Orioni ndiyo inayotuhurumia: huja Desemba hadi Februari, kiangazi, mahindi yameshavunwa. Sisi wa shule ya kutwa tuna bahati nyingine pia, hakuna kengele ya kutulaza.

Mafaili yote matatu, yakiwa ghafi kabisa, nimeyaweka kwenye kompyuta ya maabara pamoja na ufunguo wa rangi nilizotumia. Ndugu yangu wa Kidato cha Pili nimemwachia kiti cha kwanza Ijumaa baada ya michezo. Anaweza kuipa salfa samawati akitaka, mradi aandike.