Dondoo muhimu: Picha za alfajiri Lamu

Anayepiga picha kwa mapenzi tu, bila malipo, afuate saa ya waumini. Lamu iko karibu na ikweta, kwa hiyo jua hupanda karibu wima na mwanga laini haudumu. Ukingoja kupambazuke kabisa, umeukosa. Aliyeitikia adhana ya alfajiri huwahi gatini, akakuta matanga yakitwekwa na punda wakibebeshwa mizigo. Utasema kamera ya simu haiwezi giza. Inaweza, ikitulia: iegemeze ukutani, weka kipima muda cha sekunde 2, kisha iachie. Wengine watahofu kuwa kamera huvuruga ibada. Hofu hiyo ina msingi, basi sali kwanza, toka msikitini, ndipo upige. Na mtu usimpige picha bila idhini yake.