Malezi ya Watoto wa Paka Waliookotwa

Mtoto wa paka (Felis catus) huzaliwa na uzito wa gramu 100 hivi, macho yamefumba, wala hawezi kulinda joto la mwili wake. Kwa hiyo familia iokotapo watoto wa paka wasio na mama, jambo la kwanza ni joto, si chakula: tumbo lililopoa halisagi maziwa, na kumnywesha aliyepoa huweza kumwua. Maziwa ya ng'ombe yana protini pungufu kuliko ya paka, nayo huweza kumharisha. Hufaa maziwa yaliyotengenezwa kwa ajili ya paka. Kila baada ya kunyweshwa, apanguswe chini ya mkia kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, kwani mchanga asiyelambwa na mama hashindi kukojoa mwenyewe.

Kati ya wiki ya 2 na ya 7 hujifunza nani wa kuaminiwa. Ashikwaye kwa upole wakati huo humzoea binadamu. Asiyeshikwa huelekea kubaki mwoga.

Atimizapo miezi 3, achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa. Mtu aliyeumwa na paka aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kukawia.

Swali: Kwa nini joto hutangulia chakula?