Mbwa Akimwuma Jirani: Ni Nani Awajibikaye?

Mwezi huu twataka kufundishana juu ya jambo lionekanalo dogo, nalo si dogo, yaani mbwa wa mtu amwumapo jirani. Wengi wa wazee na wainjilisti wasomao gazeti hili wamekwisha kuketi kati ya nyumba mbili zilizogombana kwa ajili hiyo. Huyu asema, "Mbwa wako amemrarua mtoto wangu, lipa." Yule ajibu, "Mtoto wako alifuata nini uani kwangu? Tena mbwa huyu hajamwuma mtu tangu azaliwe." Maneno yapanda, jamaa wagawanyika, na baada ya wiki mbili jeraha la mtoto limesahauliwa, yakumbukwayo ni matusi tu. Basi tulitazame jambo hili kwa utaratibu: kwanza jeraha, kisha sheria, mwisho wajibu wa jirani kwa jirani.

1. Jeraha litangulie shauri

Kabla ya kuuliza ni nani alipe, tuulize kama aliyeumwa amekwisha kuoshwa jeraha lake. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa ukaao katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia mwilini kwa meno yake, au akilamba mahali palipochubuka. Waweza kukaa kimya mwilini wiki nyingi, hata miezi. Lakini dalili zake zikiisha kuonekana, kama kuogopa maji, kuweweseka na kupooza, karibu hakuna aponaye. Shirika la Afya Duniani lakadiria ya kuwa watu kama 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na karibu wote waliambukizwa na mbwa.

Walakini ugonjwa huu wazuilika. Mwaka 1885 Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa, alimchanja mtoto wa miaka 9 aliyeumwa mahali pengi na mbwa mwenye kichaa, na mtoto yule akaishi. Tangu siku hizo njia imejulikana. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yatiririkayo, muda wa dakika 15 kamili. Lisitiwe pilipili, wala majivu, wala majani. Kisha aliyeumwa apelekwe hospitali siku ile ile, naye azimalize sindano zote atakazoamriwa, hata kama jeraha limekwisha kufunga. Mbwa naye, ikiwezekana kumshika bila hatari, afungwe mahali salama na kuangaliwa siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, yajulikana ya kuwa hakuwa na kichaa katika mate yake siku ile alipouma. Lakini kumwangalia mbwa kusiwe sababu ya kuahirisha sindano ya kwanza.

Twasema haya mwanzoni kwa kuwa wako wazazi wangojao mwenye mbwa atoe fedha ndipo wampeleke mtoto. Msingoje. Fedha yaweza kudaiwa hata mwaka ujao, sindano haingoji.

2. Swali la sheria za kale

Shauri la mnyama adhuruye watu ni la zamani sana. Mji wa Eshnunna, katika nchi iitwayo leo Iraki, ulikuwa na sheria zilizoandikwa juu ya vibao vya udongo yapata miaka 3,800 iliyopita. Vibao hivyo vilifukuliwa karibu na Baghdad mwaka 1945 na 1947. Humo imo sheria juu ya mbwa mwenye hatari. Ikiwa wakuu wa mtaa wamekwisha kumjulisha mwenyewe, naye asimlinde, na mbwa akamwuma mtu hata akafa, mwenye mbwa atalipa shekeli 40 za fedha.

Katika Torati mnajua habari ya ng'ombe apigaye watu kwa pembe (Kutoka 21:28-36). Ng'ombe akimwua mtu kwa mara ya kwanza, huuawa yeye, na mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe alikuwa na desturi ya kupiga tangu zamani, na mwenyewe ameonywa asimzuie, hatia yamjia mwenyewe, hata kufa, au kutoa ukombozi wa nafsi yake. Hata katika ng'ombe kumwua ng'ombe wa mtu mwingine, sheria yatenga aliyejua na asiyejua: asiyejua agawana hasara na mwenzake, aliyejua alipa ng'ombe kwa ng'ombe.

Tazameni basi. Sheria hizi mbili zatofautiana kwa adhabu, lakini zote zauliza swali moja: je, mwenye mnyama alijua? Nalo swali hilo lingali liko katika mahakama zetu.

3. Sheria ya nchi yetu

Sheria ya Uingereza iliyotokana na hukumu za mahakama ilikuwa na kanuni iyo hiyo. Tanganyika ilipokuwa chini ya Waingereza, Amri ya mwaka 1920 iliagiza ya kwamba mahakama zifuate sheria hiyo kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kadiri hali ya nchi na watu wake iruhusuvyo. Nchi ilipopata uhuru, sheria zake ziliihifadhi kanuni hiyo. Ndiyo maana hukumu za zamani za huko zatufaa kuzijua.

Katika karne ya 18 mahakama ya Uingereza iliamua hivi: mbwa akiisha kumwuma mtu, na mwenyewe akapata habari, kisha akamwacha alale mlangoni pake, atawajibika kwa atakayeumwa baadaye, hata kama mtu yule alimkanyaga mbwa mguu. Basi wengine wakadhani ya kuwa kila mbwa ameruhusiwa kuuma mara moja bila deni. Sivyo. Mwaka 1866 mahakama ilisema si lazima mbwa awe amekwisha kuuma. Yatosha mwenyewe kujua ya kuwa huwarukia watu akitaka kuwauma. Na mwaka 1872 ikaamuliwa ya kuwa ajualo mtumishi aliyekabidhiwa kumtunza mbwa ni kama bwana wake alijua. Kwa hiyo mtu asiseme, "Mimi huwa kazini mchana kutwa, mlinzi ndiye ajuaye tabia ya mbwa."

Je, na kibao cha "Mbwa Mkali" kilichotundikwa langoni? Mwaka 1830 mtu mmoja huko Uingereza aliumwa na mbwa katika uwanja wenye kibao cha namna hiyo. Alikuwa amepita njia ya halali, naye hakujua kusoma. Mwenye mbwa akashindwa. Mtu anayo haki ya kufuga mbwa mkali alinde mali yake. Lakini njia iendayo mlangoni ni ya kila ajaye kwa haki, awe mgeni, au mchuuzi wa maziwa, au mtoto aliyetumwa kuomba moto. Tofauti ni mwizi avukaye ua usiku, au mtu amchokozaye mbwa kwa makusudi; hao dai lao ni dhaifu.

Tena iko njia ya pili ya kuwajibika, yaani uzembe. Mwaka 1972 mahakama ya rufani ya Uingereza iliamua shauri la mtoto mdogo aliyeraruliwa na kundi la mbwa wadogo waliotoka mbio uani kwa jirani. Haikuthibitishwa ya kuwa walikuwa na tabia ya kuuma watu. Hata hivyo mwenyewe alishindwa, kwani mfugaji mzoefu kama yeye angaliweza kuona mapema hatari ya kuliacha kundi zima huru mahali wachezapo watoto. Hukumu hii ni ya baada ya 1920, haiwafungi mahakimu wetu, lakini yaweza kuwaongoza.

Hayo ni juu ya fidia. Juu ya makosa ya jinai, Kanuni ya Adhabu ya Tanzania yamhesabu kuwa mkosaji mtu aachaye kwa uzembe kuchukua hadhari juu ya hatari iwezayo kutokea kwa mnyama aliye mkononi mwake. Kwa hiyo mwenye mbwa aweza kudaiwa fidia na jirani, tena akashtakiwa na Jamhuri.

Aliyeumwa naye akumbuke mambo mawili. La kwanza, dai la fidia ya namna hii lina muda wake, nao ni miaka 3 tangu siku ya madhara. La pili, gharama alizotoa lazima zitajwe wazi katika madai na kuthibitishwa kwa uthabiti. Mahakama ya Rufani ilikwisha kulisema hilo mwaka 1992. Basi stakabadhi ya dawa, nauli ya kwenda hospitali, na cheti cha daktari vitunzwe vizuri. Asiye na karatasi hubaki na maneno tu.

4. Wajibu wa pande mbili

Tumeona ya kuwa swali kubwa ni kujua. Lakini mtu atajuaje asipoambiwa? Hapa ndipo ujirani wetu mara nyingi hukosa.

Tuchukue mfano. Mama mmoja hupita kila asubuhi kwenda kisimani, na kila asubuhi mbwa wa jirani humkimbilia akibweka na kumshika nguo. Mama aona haya kusema, asije akaitwa mgomvi. Awaambia wenzake kisimani, awaambia wanawake wa kwaya, amwambia hata mjumbe. Mwenye mbwa peke yake hamwambii. Mwezi wa tatu aumwa. Mwenye mbwa aapa ya kuwa hakujua, na pengine asema kweli. Kijiji kizima kilijua ila yeye. Sasa shauri limekuwa gumu, na mama yule hasira yake imekuwa mara mbili, kwa kuwa amebeba miezi mitatu ya kunyamaza pamoja na jeraha la siku moja.

Heri angalikwenda mapema, pamoja na mtu mmoja wa kushuhudia, akasema kwa upole, "Ndugu yangu, mbwa wako hunirukia njiani. Nakuomba umfunge asubuhi." Neno hilo lamwokoa mpitaji, tena lamfaa mwenye mbwa, maana lampa nafasi ya kuzuia kabla ya deni. Na asipolisikia, tangu siku hiyo hawezi tena kusema hakujua. Kumwonya jirani mapema ni tendo la kumpenda.

Mwenye mbwa naye, aletewapo habari, asizichukue kama matusi juu ya nyumba yake. Aonapo mbwa wake akiwakimbilia watu, amfunge mchana, au ajenge ua, au asimfuge tena. Amchanje kwa wakati wake, na cheti akiweke. Na mbwa akiisha kuuma, jambo la kwanza ni kwenda kumjulia hali aliyeumwa na kusaidia afike hospitali. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther aieleza Amri ya Tano kuwa yatuagiza kumsaidia jirani katika shida za mwili wake, zaidi ya kujizuia tusimdhuru. Kumpeleka mtoto wa watu hospitali hakumaanishi kwamba umekiri deni lote. Kwaonyesha ya kuwa jeraha lake ni la thamani machoni pako kuliko ushindi wa shauri.

Wazazi nao wawafundishe watoto wasimtupie mbwa mawe, wasimguse alapo wala anyonyeshapo, wala wasimkimbie kwa makelele.

Tena tuseme neno juu ya kisasi. Wako wamwekeao mbwa sumu, au wamwuao kwa marungu siku ile ile. Kumwua mnyama wa mtu kwa makusudi na bila haki ni kosa la jinai. Tena mbwa aliyeuawa na kutupwa hawezi kuangaliwa siku 10, na daktari amekosa shahidi wake. Mwenye kisasi amemwumiza mwanawe mara ya pili. Mbwa aonekanaye kuwa na kichaa apelekewe habari ofisa mifugo upesi, naye ataamua la kufanya.

5. Mzee aketipo kupatanisha

Ninyi mlioitwa kupatanisha, ulizeni kwa mfuatano huu. Aliyeumwa ameoshwa jeraha na kuanza sindano? Mbwa yuko wapi, naye amechanjwa? Mwenyewe alijua nini juu ya tabia yake, na tangu lini, na ni nani aliyemwambia? Aliyeumwa alikuwa mahali gani, akifanya nini? Hasara ni kiasi gani, na stakabadhi ziko wapi? Mkifuata njia hii, matusi hayapati nafasi kubwa.

Wakipatana, maneno yaandikwe: kiasi kitakacholipwa, siku za kulipa, na jinsi mbwa atakavyozuiwa. Hili la mwisho lisisahauliwe, maana fedha bila ua yaleta shauri lile lile mwakani. Wote watie sahihi pamoja na mashahidi. Tena msimkataze mtu kwenda polisi au mahakamani, kwani baraza letu ni la kupatanisha, halina mamlaka ya kumfungia mtu mlango wa haki yake.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Kwa nini jeraha litangulie shauri?
2. Sheria ya Eshnunna, Torati na sheria ya nchi yetu zakubaliana katika neno gani?
3. Kibao cha "Mbwa Mkali" chamwokoa mwenye mbwa daima?
4. Je, yuko jirani ambaye mbwa wake hutusumbua, nasi tumewaambia wote isipokuwa yeye? Twende kwake lini?