Darasa la Video Chuoni: Tuanze na Sauti

Vyuo vingi vya Afrika Mashariki vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, wahadhiri walitumbukia kwenye darasa la video bila maandalizi. Milango ilifunguliwa, lakini darasa hilo limebaki: masomo ya uzamili ya jioni, usimamizi wa tasnifu, semina za pamoja kati ya vyuo. Mtaalamu wetu wa teknolojia ya elimu anajibu maswali yanayoulizwa sana.

Simu inaonyesha mtandao uko vizuri. Mbona mhadhiri anakwamakwama?

Kasi ni jambo moja tu. Mazungumzo yanataka pia data ifike upesi na kwa mpangilio. Filamu ikichelewa nusu sekunde hutambui. Mkiwa mnazungumza, nusu sekunde inatosha watu wawili kuanza kusema kwa pamoja, wote wakanyamaza, kisha wakagongana tena. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kutoka kwa msemaji hadi kwa msikilizaji.

Tatizo hili la kuchelewa si geni. Chuo Kikuu Pepe cha Afrika, kilichoanza mwaka 1997 kama mradi wa Benki ya Dunia, kilirusha masomo kwa setilaiti. Mawimbi yanayopanda karibu kilomita 36,000 na kushuka tena hutumia robo sekunde kwa safari ya kwenda tu. Kwa mhadhara wa kusikiliza si shida, kwa mjadala ni kikwazo. Mikongo ya baharini, kuanzia SEACOM na TEAMS mwaka 2009, imetuondolea kikwazo hicho. Kilichobaki ni kipande cha mwisho: mnara uliolemewa jioni, au Wi-Fi ya bweni inayogombaniwa na mamia. Funga programu nyingine zote, na penye waya, tumia waya.

Bando la wanafunzi wangu linaisha kabla ya wiki kuisha. Nipunguze nini?

Picha. Video inayopokelewa kwa kilobiti 600 kwa sekunde inakula megabaiti 270 kwa saa. Sauti ya kilobiti 80 inakula 36. Bando la saa moja ya video lingetosha zaidi ya saa saba za sauti. Isitoshe, katika programu nyingi seva haiunganishi picha za washiriki kuwa moja. Kamera kumi zikionekana kwenye kioo, simu ya mwanafunzi inapokea video kumi.

Washa kamera dakika tano za mwanzo msalimiane, kisha izime. Tuma slaidi mapema kama faili jepesi la PDF, na unapofundisha zitaje kwa namba: "Tuko slaidi ya 7." Aliyepotelewa na picha atakuwa bado yuko nawe.

Kamera zote zimezimwa, nazungumza na kioo kitupu. Niwalazimishe waziwashe?

Hapana. Anayesomea kitandani bwenini huku wenzake wakipita nyuma yake, au sebuleni kwa shangazi huku watoto wakicheza, ana haki ya kusitiri mazingira yake. Tena kamera inachosha. Mwaka 2021 Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford alitaja sababu nne: nyuso zinazokukodolea macho kwa karibu, kujitazama muda wote, kukaa bila kusogea, na jitihada ya ziada ya kusoma ishara za mwili.

Mahudhurio yapimwe kwa kazi. Kila baada ya dakika kumi au kumi na tano, uliza swali moja lenye jibu fupi. Kila mtu aliandike kwenye ujumbe lakini asitume mpaka useme "tumeni". Majibu yakiingia kwa mkupuo, hakuna aliyepata nafasi ya kunakili, nawe unaona papo hapo somo limekwama wapi. Kisha mwite mmoja kwa jina afafanue. Ukiuliza tu "mmeelewa?", utaitikiwa "ndiyo" na hutajua lolote.

Chuo chetu hakina fedha za leseni. Tutumie programu gani?

Toleo la bure la Zoom hukata kikao cha kikundi kikifika dakika 40. Itazameni BigBlueButton, programu huria iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, mahususi kwa kufundishia. Ina ubao, kura na vyumba vya makundi, na inafanya kazi ndani ya Moodle, jukwaa la kuendeshea kozi mtandaoni. Kuipata ni bure; kuiendesha kunadai seva yenye nguvu na fundi wa kuitunza. Ndiyo maana vyuo vidogo visihangaike peke yao: zungumzeni na mtandao wa elimu na utafiti wa nchi yenu, KENET kwa Kenya, TERNET kwa Tanzania, RENU kwa Uganda.

Tunataka kuendesha semina pamoja na chuo cha Ujerumani. Tujihadhari na nini?

Kwanza, saa. Huku kwetu haibadiliki. Ujerumani hubadilisha Machi na Oktoba, hivyo wako nyuma yetu saa moja majira ya joto na saa mbili majira ya baridi. Andikeni 16:00 na mtaje ni ya mji gani. Pili, msiwageuze wanafunzi wa upande mmoja kuwa watazamaji. Undeni makundi mchanganyiko yenye andiko moja la kuhariri kwa pamoja, kila mtu kwa wakati wake. Tatu, kurekodi. Kenya ina sheria ya kulinda data ya mwaka 2019, Tanzania ya mwaka 2022, na Ujerumani inafuata kanuni za Umoja wa Ulaya. Ombeni ridhaa kabla ya kubonyeza kitufe, na semeni rekodi itatunzwa wapi na itafutwa lini.

Ushauri mmoja kwa mhadhiri anayeanza?

Mwombe mwenzako aendeshe dakika kumi za somo lako, nawe uingie kama mwanafunzi: kwa simu, kwa bando, nje ya Wi-Fi ya chuo. Jaribu kusoma jedwali lako kwenye kioo hicho kidogo. Jaribu kuuliza swali. Utakachoshindwa kukisoma au kukisikia, kirekebishe kabla ya kipindi. Somo lililopangwa kwa mwenye mtandao dhaifu humfikia kila mtu. Lililopangwa kwa kompyuta ya ofisini huwaacha nje watu waliolipa ada ileile.